Rufaa ya Sijambo

Wakili Lukindo alibonyeza kitufe, na sauti ya Bi Nyamizi ikajaa chumba kizima.

"Sijambo, mwanangu."

Akabonyeza tena.

"Sijambo. Nimeamka salama."

Akabonyeza tena, na tena, na tena. Sijambo ya masika, sijambo ya kiangazi, sijambo ya siku ya Idi, sijambo yenye kikohozi ndani yake. Kwenye ukuta wa Baraza la Rufaa tarakimu zilipanda kila sauti ilipotoka, hadi zikasimama kwenye mia mbili na kumi na nne. Wakili akapiga mwayo mdogo nyuma ya kiganja, akaweka joho lake sawa.

"Mheshimiwa Hakimu, nadhani inatosha. Mgonjwa mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, asubuhi mia mbili na kumi na nne mfululizo, ameuambia Mfuko wa Uzima kwamba haumwi. Sisi ni nani tumbishie?"

Binti aliyeitwa Sikudhani alikuwa amekaa kwenye benchi la warufani, mikono ameibana katikati ya magoti. Kando yake, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa huyo mgonjwa mwenyewe, mama yake, Nyamizi binti Kapela. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamebaki nyufa mbili, na miguu imejaa maji hata kandambili haziingii. Nyuma ya kiti alisimama Mwavita, jirani yao mjane, aliyemsukuma Nyamizi tangu stendi mpaka hapo bila kupokezana na mtu. Figo zote mbili za Nyamizi zilikuwa zimekufa, naye alikaa pale akiisikiliza sauti yake ikimkana.

Sikudhani alijua hizo sijambo zilivyopatikana. Alikuwepo. Msikizi ni shanga nyeupe, ukubwa wa punje ya hindi, na mama alifungwa shingoni siku walipoandikishwa kwenye Mfuko unaolipia matibabu, kama walivyofungwa watu wote wa nchi. Kila asubuhi shanga iliwaka kijani, ikaamkia kwa sauti ya msichana aliyelelewa akaleleka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujambo? Umeamkaje?"

"Sijambo. Nimeamka salama."

Mama aliipenda sauti ile. "Huyu anaamkia bila kukumbushwa," alikuwa akisema. "Wewe mpaka nikukazie macho."

Kisha taa ilizimika. Msikizi aliundwa asubiri sekunde tatu baada ya jibu, halafu afunge sikio, kwa sababu alikuwa na mamilioni ya watu wa kuwaamkia kabla jua halijawa kali. Sekunde tatu kwa Nyamizi zilikuwa za kuvuta pumzi tu. Yeye alikuwa mtu wa zamani, na hakuna mtu wa zamani anayeijibu salamu kwa ugonjwa. Kwanza unasema sijambo. Unamshukuru Mungu, unameza mate, ndipo unasema ila. Ila miguu inaniwaka. Ila mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Ila pumzi haishuki. Hizo ila zote Sikudhani alizisikia, ameinama kwenye mafiga anapuliza moto. Msikizi hakusikia hata moja.

"Mrufani ana la kusema?" aliuliza Hakimu Mganyizi. Alikuwa mzee mwembamba, anayetazama watu juu ya miwani.

Sikudhani akasimama. Kijijini walimshauri atafute msemaji, maana yeye mbele za watu maneno yake hukimbilia uvunguni kama kuku walioona mgeni. Lakini msemaji gani angezijua zile ila?

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Paza sauti, binti."

"Sijambo si ushahidi. Ni salamu."

Wakili Lukindo alitabasamu, si kwa ubaya, kama mtu anayemwonea huruma mchezaji wa bao asiyejua kuhesabu kete. "Salamu ni maneno, na maneno yana maana. Jambo ni shida. Sijambo ni sina shida. Kamusi ninayo hapa, nikusomee?"

"Kamsomee mama yako," ilitoka sauti ya Mwavita.

Watu wakacheka kwenye viti vya nyuma. Hakimu akagonga meza. "Mama, ukisema tena nakutoa nje."

"Nilikuwa nakohoa, Mheshimiwa."

Sikudhani akanyoosha karatasi za hospitali mbele ya meza. Vipimo vya damu vilikuwemo, na picha za figo mbili zilizosinyaa kama maembe yaliyosahauliwa juani. Wakili hakuzitazama hata kidogo.

"Karatasi hizo hazina ubishi, Mheshimiwa, ila hazina uzito. Naomba nimkumbushe mrufani Sheria ya Kauli ya Mgonjwa. Miaka ya nyuma daktari aliweza kumwambia mtu anayegaagaa kwa maumivu kwamba haumwi kitu, vipimo vyake visafi, aende nyumbani. Watu walikufa vibarazani. Wananchi wakaandamana nchi nzima, sheria ikatungwa kwamba hakuna karatasi itakayozidi kinywa cha mgonjwa. Mashine ya Mfuko inayopima madai inaweka kinywa kwanza. Sheria hiyo ilipiganiwa na watu kama ninyi, binti, ilipiganiwa kwa ajili yenu."

"Mimi niliandamana," alisema Nyamizi taratibu kwenye kiti chake. "Nilikuwa na mimba ya huyu. Tulitembea mpaka Tabora mjini."

Sikudhani alizikusanya zile karatasi.

"Figo yake mpya iko tayari," alisema. "Nimeiona. Walimkata mama kipande cha nyama pajani, kidogo kama ukucha, wakakikuza kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu siku tisini. Imekamilika. Mliruhusu ikuzwe, na ilipokwisha kukua ndipo mkakumbuka kwamba yeye haumwi. Keshokutwa wanaizima mashine inayoihifadhi. Haimfai mtu mwingine, ni nyama yake yeye. Wataichoma moto."

"Inasikitisha," alisema Wakili. "Lakini Mfuko haupandikizi figo kwa mtu aliyesema mwenyewe kwamba yu mzima."

Sikudhani hakuwa amepanga kusema lililofuata. Mtu asiyesema sana husikia mengi, na asubuhi ile, akiwa kwenye benchi la nje, alikuwa amesikia jambo ambalo hakulitaka.

"Wakili," alisema, "habari za nyumbani?"

"Nzuri," alijibu Wakili Lukindo kabla hajafikiri.

"Wote wazima?"

"Wazima, tunamshukuru Mungu."

Sikudhani akamgeukia Hakimu. "Naomba yaandikwe hayo, Mheshimiwa. Asubuhi karani alikuwa anampa pole pale mlangoni. Baba yake amezikwa Jumapili. Mpaka sasa hivi ndugu zake wamelala chini kwenye mikeka. Naye ametuambia wote wazima. Je, ni mwongo? Au baba yake hakufa?"

Wakili alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya joho, akaivaa, akaivua tena.

"Hiyo ni desturi tu," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni desturi. Hata sijambo ya mama yangu ni desturi. Mlimfundisha Msikizi wenu kusalimia, hamkumfundisha kujibiwa. Mmechukua adabu ya watu wazima mkaifanya kitanzi." Akamgeukia tena Wakili. "Pole na msiba, Wakili."

Pole ile ilimtoka kweli, na akajikasirikia kwa sababu ilikuwa ya kweli.

Hakimu Mganyizi alifunua kurasa za sheria mezani. Mwishowe akasema, "Umesema kweli, binti, ila kweli yako hainipi nguvu. Sheria hainiruhusu kutafsiri kauli ya mgonjwa. Nikianza mimi kusema 'aliposema hivi alimaanisha vile', kesho mwenzangu atasema aliyelia alikuwa anaimba, na tutarudi kule kule tulikotoka. Kauli siwezi kuitafsiri. Naweza kuifuta tu, na kwa sababu moja. Kwamba msemaji hakuwa na akili ya kujua alisemalo."

Karani akaleta kibao chembamba cha kioo, akakiweka mbele ya Sikudhani. Katikati palikuwa na alama ya dole gumba.

"Kifungu cha arobaini," alisema Hakimu. "Ndugu wa karibu akitia dole hapo, zile sijambo zote zinafutika. Vipimo vinabaki peke yake mizanini, na rufaa inapita. Leo hii anapasuliwa."

"Na yeye?"

"Anakuwa mtu wa kusemewa. Wewe utamsemea."

"Mpaka lini?"

Hakimu alitazama karatasi zake. "Sheria haikuweka mpaka lini."

"Maana yake mimi mwehu," alisema Nyamizi.

"Ni lugha ya kisheria tu, mama."

"Haya. Mwehu kwa lugha ya kisheria."

Mikono ya Mwavita ilikuwa imeachia vishikio vya kiti. "Mheshimiwa, nitoe nje ukitaka, lakini nauliza. Na yale aliyoyasema zamani? Kwenye baraza la ardhi?"

Sikudhani alifumba macho. Alikuwa ametumaini hakuna atakayeuliza.

Babu yake Sikudhani ndiye aliyepanda minyaa ya mipaka kijiji kizima, na Nyamizi, binti yake, ndiye aliyembebea miche. Kila mpaka ulikuwa kichwani mwake. Mume wa Mwavita alipokufa, shemeji zake waliing'oa minyaa kwa siku moja, wakachoma, wakalima mpaka ukutani mwa jiko la mjane. Karatasi hazikuwepo. Nyamizi alikwenda baraza la ardhi, akasimama mbele ya shanga yao, akataja mche kwa mche, kutoka kichuguu hadi kisima. Kwa kinywa hicho peke yake Mwavita alirudishiwa shamba.

"Msikizi ni mmoja," alisema Hakimu. "Hatenganishi. Kauli za mtu zikifutwa zinafutwa zote, tangu siku alipovaa shanga."

"Basi sitaki," alisema Nyamizi.

"Mama…"

"Sitaki, Siku. Mwavita ana watoto wanne kwenye lile shamba. Nimekula miaka sitini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusema Nyamizi kasema uongo. Nikifa nife na maneno yangu. Usinifute."

"Utakufa wiki ijayo, mama. Daktari amesema wiki ijayo."

"Nani hafi? Sitaki. Nimesema mara ngapi? Sitaki, sitaki, sitaki. Hizo nazo zihesabuni pale ukutani!"

Alikuwa anahema. Shanga ilining'inia kwenye shingo iliyovimba, imejichimbia kwenye nyama.

Sikudhani alikitazama kibao. Alimchukia Wakili na kitufe chake. Alimchukia Hakimu kwa upole wake. Aliwachukia watu asiowajua waliokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi wakaamua kwamba sekunde tatu zinamtosha mtu kuumwa. Kisha, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, alimchukia mama. Siku moja tu, mama! Asubuhi moja tu ungevunja adabu, ukasema naumwa. Ungekufa kwa kusema naumwa?

Akamtazama Mwavita. Hakujua anamwomba nini, ruhusa au makofi. Mwavita aliinama, akaanza kukaza gidamu ya kiatu chake ambayo ilikuwa imekaza tayari, na hakuinua uso.

Sikudhani akatia dole.

Kibao kikawaka. Ile sauti ya msichana aliyelelewa akaleleka ikasema ukutani, "Dole limepokelewa, ahsante. Je, kuna pingamizi?"

"Lipo!" alisema Nyamizi. "Mimi napinga. Mimi Nyamizi binti Kapela, nina akili zangu, napinga!"

Karani alimsikia. Wakili alimsikia, akainamisha kichwa. Mzee mmoja kwenye viti vya nyuma alisema "Lahaula" kwa sauti. Shanga shingoni mwake haikuwaka, na sekunde tatu zikapita.

"Hakuna pingamizi lililosikika," ilisema sauti. "Muwe na siku njema."

Ukutani, mia mbili na kumi na nne ikawa sifuri.

"Rufaa imekubaliwa," alisema Hakimu Mganyizi, na kwa mazoea ya miaka mingi akaongeza, "Hongera."

"Usinipe hongera," alisema Sikudhani. "Nakuomba, Mheshimiwa. Kaa nayo."

Hakimu hakugonga meza.

Walipotoka barazani jua lilikuwa la saa sita. Mwavita alikisukuma kiti mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akakifunga breki, akamweka Nyamizi kanga vizuri juu ya miguu. Kisha akachukua mfuko wake.

"Mama mdogo, hatuendi wote hospitali?" aliuliza Sikudhani.

"Nakwenda kung'oa karanga."

"Hazijakomaa."

"Najua hazijakomaa. Nimezipanda mimi." Mwavita alifunga kilemba chake upya, kwa nguvu. "Shemeji zangu nao wana shanga. Taarifa itawafikia leo hii. Nikingoja zikomae watazivuna wao."

"Mama mdogo, nisamehe."

"Usinisemeshe sasa hivi, Siku. Ungekuwa mama yangu kwenye hicho kiti ningetia dole gumba na vidole vyote. Hilo nalijua. Lakini usinisemeshe." Akamwinamia Nyamizi. "Dada, upone."

"Mwavita," alisema Nyamizi, "nitakwenda tena barazani. Nitataja minyaa yote, mmoja mmoja."

"Haya, dada," alisema Mwavita, kama mtu anavyomwitikia mtoto mwenye homa. Alipojisikia alivyosema, aliziba mdomo kwa kiganja. Akageuka akaenda zake upesi, bila kukimbia, mfuko unampiga nyongani.

Sikudhani alikisukuma kiti mwenyewe.

Hospitalini waliwapokea kwa heshima ambayo hawakuwahi kuiona kwenye miezi yote ya kukataliwa. Milango ilifunguka yenyewe. Kwenye chumba cha mwisho, nyuma ya kioo, ilikuwepo ile chupa, na ndani yake figo ya Nyamizi, nyekundu, safi, imejikunja kwenye maji yake. Nesi kijana akaja na kibao cha maswali.

"Jina la mgonjwa?"

"Nyamizi binti Kapela," alisema Nyamizi.

Nesi aliitazama shanga shingoni. Haikuwa na kijani tena, ilikuwa ya kijivu kama jivu la mkaa. Akamgeukia Sikudhani. "Jina la mgonjwa, dada?"

"Si amekutajia?"

"Naomba utaje wewe."

Sikudhani akataja. Umri akataja. Kijiji akataja. Kila jibu mama alilitoa kwanza, kwa sauti iliyonyooka, na kila jibu nesi alingoja lirudiwe.

"Mgonjwa anaridhia upasuaji?"

"Siridhii," alisema Nyamizi.

Kidole cha nesi kilisimama juu ya kioo. Alikuwa binti wa watu, alikuwa na masikio. Akainama karibu na Sikudhani. "Dada, nimemsikia. Wallahi nimemsikia. Lakini shanga yake haisomi, na mimi natakiwa kuandika jibu lako."

"Andika kwamba yeye hataki. Na mimi nataka. Andika yote mawili."

"Nafasi ni moja."

"Basi toboa nyingine! Nani aliyetengeneza hiyo karatasi? Hakuwa na mama?"

"Dada, mimi nimeajiriwa tu." Macho ya nesi yalikuwa yamelowa. "Chumba cha upasuaji wananingoja. Nikiacha wazi, inajiandika hapana yenyewe, na chupa inazimwa."

Sikudhani alipiga magoti mbele ya kiti. Alimshika mama mikono yote miwili, iliyokuwa baridi na mizito kama matope.

"Mama, niangalie."

Nyamizi akamwangalia.

"Nikisema hapana, nimekuua. Nikisema ndiyo, nimekufuta. Niambie wewe."

"Nimekwisha kukuambia," alisema mama yake.

Nje, kwenye korido, magurudumu ya kitanda yalikuwa yanasogea. Sikudhani alisimama. Hakumtazama nesi wala mama. Aliitazama ile figo kwenye chupa, nyama isiyo na kosa wala neno.

"Ndiyo," alisema. "Anaridhia."

Nesi akaandika. Wakamwinua Nyamizi, mmoja huku, mmoja huku, wakamlaza. Sikudhani alipoinama kumtengenezea kanga, mama aliinua kichwa kwa nguvu zote alizobakiza, akamtemea mate. Yakamwangukia kwenye paji la uso.

Kwao wazee hutema mate kubariki, na hutema mate kulaani. Tofauti hujulikana kwa neno linalofuata. Sikudhani alisimama pale, mate yakimshuka puani, akalingoja neno. Nyamizi alifumba mdomo, na mlango wa upasuaji ukafunguka.